Midomo Safi ya Ukutani

“Dawa ya vidonda vya tumbo ambavyo hakuna aliyeviona sinywi tena!” Bi Paspoti alimwambia tabibu, akalisukuma kopo la vidonge juu ya meza mpaka likagonga kikombe cha kalamu. “Nimevibugia hivi mpaka nikitembea nalia kama njuga. Tumbo linauma vilevile.”

“Mama, twende taratibu.”

“Taratibu ndiyo niliyoanza nayo. Imekwisha.”

Tabibu, kijana mpole aliyefunga miwani yake kwa uzi, alifunua faili. Bi Paspoti alishapelekwa kuingizwa mpira wenye kamera kwa njia ya mdomo, kidonda hakikuonekana. Alishaingizwa mwingine kwa njia ile nyingine, nako kweupe. Damu tu ndiyo ilikuwa inapungua, kila akipimwa iko chini zaidi.

“Mmeingia kwa juu mkatoka,” alisema Bi Paspoti. “Mmeingia kwa chini mkatoka. Katikati hapo kuna nini?”

“Utumbo mwembamba.”

“Mrefu?”

“Mrefu sana. Ukinyooshwa unatoka hapa mpaka nje kwenye geti.”

“Na nani ameufikia?”

Tabibu alijikuna sikio. “Mipira yetu haifiki huko.”

“Mwanangu, mimi ni mpiga picha. Mteja akija nikampiga kisogo, nikampiga na nyayo, siwezi kumrudisha kwao nikasema nimemtazama kote, hana uso.”

Kijana wa watu alicheka, akafunga faili, akavuta karatasi ya rufaa. “Mama, damu inapotea na hatujui inapotelea wapi. Nenda hospitali kubwa wakakupige hiyo picha ya katikati.”

“Hapo sasa umeongea,” akasema, na kopo la vidonge akamwachia.

Mtaani kwao hakuna aliyehangaika na jina lake la kitambulisho. Walimwita Bi Paspoti kwa sababu hakuna aliyepata pasi ya kusafiria, leseni wala kadi ya shule bila kukalia kigoda chake na kuamriwa: “Kidevu juu. Meno ndani. Usinune, hujakamatwa.” Studio aliirithi kwa baba yake. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia la samawati, kioo chenye ufa, kitana kilichofungwa kwa kamba kisije kikatembea, na koti moja jeusi lililokwisha kuvaliwa na nusu ya wanaume wa mji ule, wembamba wakilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, wanene wakilivaa upande wa mbele tu. Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha giza enzi za filamu, tangu kompyuta iingie kilikuwa stoo.

Mume alikuwa naye. Aliondoka kwa miguu yake, hakuna aliyemfukuza. Mtoto hakujaliwa. Ugonjwa wake wa siku zote ulikuwa mmoja, nao ni kuuliza. Fundi akija kurekebisha taa, atamshikia ngazi huku anamhoji waya huu unakwenda wapi na ule unarudi na nini, mpaka fundi anasahau bisibisi yake alipoiweka.

Tumbo lenyewe hakulishangaa mwanzoni. Kwao kuumwa tumbo kulikuwa kama jina la ukoo. Bibi yake, mama wa baba, alikufa kwa tumbo. Baba yake vilevile. Nyumba nzima walisema, “Ni chango la kwetu,” wakanywa maji ya moto, wakalala kifudifudi juu ya mto, kesho yake wakaamka wakaenda kazini. Lakini hili la safari hii lilikuwa linamla. Kila akimaliza kula, ndani palikamatwa pakasokotwa kama mtu anakamua shuka, kisha pakaachiwa. Viganja vikawa vyeupe, na ngazi ya kupandia kuzimisha taa ya juu akaiona mlima.

Hospitali kubwa walimlaza kwenye ile mashine ya duara, wakapiga picha ya katikati, na siku ya pili yake wakampasua.

Alipozinduka sawasawa, daktari wa upasuaji alikuja akakaa pembeni ya kitanda. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya muuza nyanya, na Bi Paspoti alimpenda papo hapo.

“Tulikuta utumbo umejimeza,” alisema.

“Unajimezaje?”

“Umewahi kuvua shati kwa haraka, mkono ukajigeuza ndani kwa ndani?”

“Kila siku.”

“Basi ndivyo. Ndani ya utumbo wako mmeota vinyama, vina vikonyo kama uyoga. Utumbo unadhani ni chakula, unakisukuma kimoja. Kikonyo hakiachii. Basi unavutwa nacho, kipande hiki kinaingia ndani ya kile. Siku ukibahatika unajichomoa wenyewe, maumivu yanatulia. Siku nyingine unakwama. Safari hii ulikwama. Na kinyama kimoja, kile kikubwa, kimegeuka saratani. Tumekikata na kipande chake cha utumbo, na matezi ya jirani. Maabara wanasema hakijatoka nje. Tutakufuatilia, lakini nina matumaini.”

Bi Paspoti alitazama dari. Neno lile alikuwa amelisikia kwa watu, hakuwahi kulisikia likiwa lake. Kisha akageuza kichwa.

“Kilikuwa cha rangi gani?”

Daktari akacheka mpaka muuguzi akachungulia. “Wagonjwa wote niliowapasua, hakuna aliyewahi kuniuliza rangi. Kama nyama ya ulimi. Sasa na mimi nikuulize. Saratani ya utumbo mwembamba ni ya nadra, na mtu hapati vinyama vya namna hii hivihivi. Hebu fungua mdomo.”

Akamulika kwa tochi, akavuta shavu kwa kijiti. Akaenda shavu la pili.

“Hivi vidoa umezaliwa navyo?”

“Vidoa gani?”

Ilibidi apewe simu yake, ajipige picha ndani ya shavu lake mwenyewe, avute iwe kubwa ndipo akaviona: vitone vyeusi vilivyotawanyika kwenye nyama nyekundu, kama mtu aliyepiga chafya mbele ya pilipili manga. Mwanamke aliyetazama nyuso za watu maisha yake yote hakuwahi kuchungulia shavu lake kwa ndani.

Daktari akamweleza. Ugonjwa ule unarithiwa, na una jina refu la madaktari wawili wa kigeni walioandika habari zake zamani. Yeye auite ugonjwa wa madoa na vinyama, inatosha. Mtoto mwenye nao huonekana madoa midomoni, pengine na vidoleni. Akikua, ya midomoni mara nyingi hufifia, mengine yakapotea kabisa, lakini ya ndani ya shavu hubaki. Mzazi mwenye nao, kila mtoto anayezaa ni kama amerusha sarafu: huyu kapata, huyu hakupata. Anayejulikana mapema hutazamwa ndani kila baada ya miaka kadhaa, vinyama vikatolewa kabla havijaleta fitina.

“Kwenu nani ana madoa midomoni?”

“Hakuna,” akajibu bila kufikiri. “Kwetu midomo safi. Picha zao zote ninazo ukutani.” Halafu akakumbuka. “Ila binti wa mdogo wangu. Lakini yule kayatoa kwa mama yake.”

“Nani kasema?”

Bi Paspoti akafumba macho. “Mimi.”

Alipotoka hospitali alipelekwa kwa huyo mdogo wake, fundi kufuli, maana mtu mwenye mshono tumboni haishi peke yake. Na aliyemuuguza alikuwa wifi yake. Wifi alimkorogea uji, wifi alimkanda miguu, wifi alimshika mkono kwenda msalani. Mwanamke mkimya; ukimwona anapanga vyombo utadhani anavilaza watoto. Alipoolewa mle ndani, maneno yote alikuta yameshachukuliwa na wenyewe.

Binti yao alikuwa wa sekondari, mrefu, mcheshi, midomo yake ina vitone vyeusi kuizunguka, shuleni wanamwita Ufuta. Alikuwa na rangi ya mdomo ya kuvifichia, akiipaka kama anayeziba ufa ukutani. Bi Paspoti, aliyelala kwenye kochi bila kazi ila kutazama, akamtazama. Akaona mtoto anakula vijiko viwili vitatu, anasukuma sahani. Anakwenda dirishani, anajikunja kidogo, anashika kizingiti, uso unanyamaza. Kisha anarudi anacheka na wenzake kwenye simu.

“Njoo hapa. Una nini?”

“Chango, shangazi. La kwetu tu.”

“Linakujaje?”

Binti akafikiri. “Kama mtu anakamua shuka.”

Bi Paspoti alihisi mshono wote umemwasha. Usiku ule chakula kilimshinda yeye.

Kesho yake fundi kufuli alipokuwa mezani, dada mtu akamweleza yote: vinyama, vikonyo, sarafu. Akamwambia daktari anataka binti aende, na mzazi aende naye.

“Dada, umeugua, pole, na Mungu amekunusuru,” alisema fundi kufuli huku anafuta mikono. “Lakini usitafute wa kuugua naye.”

“Mtoto anajikunja, wewe humwoni?”

“Anajikunja kwa hesabu. Siku ya mtihani tumbo, siku ya sikukuu mzima. Unataka nimpeleke, jina liandikwe kwenye faili, saratani ya ukoo. Kesho nani atamtaka? Halafu madoa yale ni ya upande wa mama yake. Wewe ndiye uliyesema, siku ya kwanza tunafunua blanketi la mtoto: ‘Haya kwetu hayapo, waulizeni wenyewe.’ Maneno yako hayo. Kama umeyasahau, nenda studio kwako, tazama ukutani. Nionyeshe mmoja wetu mwenye doa.”

Wifi alikuwa anakusanya sahani. Mkono ulisimama juu ya sahani moja, kisha ukaendelea.

Basi Bi Paspoti alikwenda. Alitembea amejiinamia kama anatafuta shilingi, akisimama kwenye kila kivuli, mpaka studio. Akafungua, akavuta kigoda cha wateja, akakaa mbele ya ukuta wa kwao.

Bibi yupo, na shali lake. Baba yupo, alijipiga mwenyewe kwa kamba ya kufyatulia. Yeye yupo, mtoto wa gauni lenye mifuko. Mdogo wake yupo ndani ya koti jeusi la studio, mikono imekunjwa mara nyingi, anatazama kamera kama anayeidai. Midomo yao wote laini, safi, kama sahani za wageni.

Safi mno.

Alimtazama bibi tena. Bibi yake alikuwa mzee mwenye makunyanzi kama karatasi iliyokaliwa, na kwenye picha makunyanzi yalikuwepo. Chunjua ya puani ilikuwepo. Kovu la shavuni lilikuwepo. Midomo tu ndiyo ya mtoto mchanga. Wateja wote husema, “Nitolee chunjua.” Nani amemsafisha mtu midomo akamwachia chunjua?

Hapo udadisi ukamshika. Alikwenda stoo, akashusha sanduku la negativu, zile filamu zenyewe ambazo cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe. Akaitoa ya bibi, akaishika dirishani, akaiinamisha kidogo. Pale midomoni pakang’aa kijivujivu, kama njia ya konokono.

Risasi ya penseli.

Akakumbuka mara moja. Baba yake kwenye meza iliyolala mshazari, kioo chini yake kikirudisha mwanga wa dirisha, penseli imechongwa kama sindano, ulimi umetokeza pembeni. Doa jeusi usoni kwa mtu, kwenye negativu huwa ni kitundu cheupe. Ukikijaza kwa risasi, pole pole, nukta kwa nukta, kwenye picha doa halipo. Aliijua kazi ile nje ndani, alifundishwa na yeye mwenyewe. “Mteja halipi ajione alivyo,” baba alikuwa akisema. “Analipa ajione alivyotaka.” Lakini hawa hawakuwa wateja.

Akatafuta pamba na tapentaini. Kufuta kazi ya baba yake ilikuwa kama kumfuta mwenyewe, na alishafutwa kiasi cha kutosha na udongo. Lakini mtoto alikuwa anajikunja dirishani. Akapitisha pamba mara moja, akaishika negativu kwenye mwanga.

Vitundu vilijaa midomoni kama chujio.

“Kumbe!” akasema peke yake ndani ya stoo.

Akafuta ya baba: vitundu vichache. Akafuta yake: vingi, mpaka kwenye kidole alichokuwa ameweka shavuni. Yeye mwenyewe, mtoto wa gauni la mifuko, alikuwa Ufuta na hakuna aliyewahi kumwambia. Macho yake yalikuwa yameziamini picha hizi miaka mingi, mpaka nyuso zenyewe yakazisahau. Mwisho akaichukua ya mdogo wake, akaipaka tapentaini, na kabla ya kuitazama akatabasamu bila kujua anatabasamia nini.

Baba alificha kwa sababu gani? Hilo hakulijua na hatalijua. Pengine mama yake alipokufa watu walisema maneno. Pengine alihesabu moyoni nani kaumwa tumbo na nani ana madoa, akaogopa jibu, akalijaza risasi. Au pengine alikuwa baba tu, anataka watoto wazuri ukutani. Bi Paspoti alimuuliza mara kadhaa siku ile, huku skana inanguruma ikizigeuza negativu kuwa picha. Picha haikujibu, ila sasa angalau ilikuwa na midomo yake.

Karakana ya fundi kufuli ilikuwa kibanda cha bati, funguo zimening’inia kila mahali, upepo ukivuma kinalia kizima. Alimkuta ana mteja, mwanamke aliyejifungia nje, amekalia ndoo akingoja.

Dada mtu hakusalimia. Aliziweka picha mbichi juu ya benchi, moja moja: bibi, baba, yeye. Ya mwisho akaishikilia.

“Picha zako zina vumbi,” alisema fundi kufuli.

“Vumbi linatua midomoni tu?”

“Kompyuta siku hizi inafanya lolote.”

“Mimi ndiye ninayeijua kompyuta, na wewe unanijua. Ningetaka kukuharibu ningekuongezea masikio.” Akaiweka ya nne. Mtoto ndani ya koti kubwa, midomo imepigwa vitone kila upande.

Fundi kufuli aliitazama. Funguo zililia. Yule mteja alinyoosha shingo, akasema, “Mashallah, ni binti yako huyu? Amefanana nawe, na koti kavaa.”

“Ni mimi,” alisema fundi kufuli, kabla hajajizuia.

“Haya,” alisema dada. “Fungua mdomo.”

“Sifungui.”

“Ndani ya shavu hayafutiki. Fungua nitazame, kama hayapo nitakuomba radhi mbele ya huyu mama.”

“Niache nifanye kazi.”

“Makufuli yote ya mji huu unafungua, lako mwenyewe limekushinda?”

Mteja aliangua kicheko. Fundi kufuli alikuwa ameuma meno kweli, mashavu yamevimba kama mtoto anayekataa dawa. Ndipo wifi akatokea mlangoni na chupa ya chai, kama afanyavyo kila siku. Aliwatazama wote. Akatazama benchi. Akaiokota ile picha ya nne, akaisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena.

Akaiweka chupa chini. Akachukua tochi ndogo ya mumewe, ile ya kuchungulia ndani ya makufuli, akaiwasha.

“Baba watoto,” alisema. “Fungua.”

Hakupandisha sauti. Na fundi kufuli, ambaye dada yake hakuwahi kumweza tangu utotoni, akafungua.

Wifi alimulika shavu la kulia. Akamulika la kushoto. Akazima tochi, akairudisha kwenye msumari wake. Kisha akaketi chini, palepale kwenye vumbi la vyuma, akacheka. Alicheka machozi yakamtoka, akajifuta kwa kiwiko, akaanza upya. Hakuna aliyewahi kumsikia anacheka hivyo. Mumewe alibaki mdomo wazi kama droo.

“Miaka yote hii,” alisema alipopata pumzi. “Namlisha mtoto vyakula vya kutoa madoa. Nimemwandikia mama yangu barua, namuuliza kwetu nani alikuwa nayo. Mama yangu akawaita shangazi zake wote akawakagua. Wazee wa watu wamekaguliwa midomo! Kumbe yamo humu, nalala nayo kitanda kimoja.”

“Mke wangu...”

“Wewe ngoja.” Akamgeukia wifi yake. “Na wewe nakudai.”

“Najua,” alisema Bi Paspoti. “Nilisema neno siku ya kuzaliwa mtoto, na halikuwa...”

“Neno sikudai, maneno ya kwenu nimeyazoea. Nakudai picha. Alipoanza kutembea nilimleta kwako. Nikakuambia mpige kama alivyo. Ukanipa mtoto mwingine, midomo kama ya mwanasesere, nikakuachia pale kaunta. Picha ya mwanangu sina mpaka leo. Lakini hiyo itangoja. Kesho tunakwenda hospitali, wote, na huyu pia.”

Akainua chupa, akammiminia mteja chai, maana ndiye aliyekuwa mgeni.

Hospitali, daktari mwenye sauti ya muuza nyanya alimtazama Ufuta mashavuni, akaitikia kwa kichwa mara moja, kisha akatoa kitu kwenye kisanduku. Kidonge kikubwa, chenye dirisha upande mmoja, na nyuma ya dirisha taa ndogo inapepesa.

“Hii ni kamera,” alisema. “Unaimeza. Inapita yenyewe, inapiga picha njia nzima, mkanda huu kiunoni unazipokea. Mwisho inatoka kama vitu vingine vinavyotoka.”

Bi Paspoti aliomba akishike. Alikigeuzageuza kama johari. Kinapiga picha ngapi? Taa yake inatosha? Kikigeuka kisogo je? Na picha zikitoka, nani anazisafisha?

“Hazisafishwi,” alisema daktari.

“Zote zinabaki kama zilivyo?”

“Zote.”

“Haya,” alimwambia mtoto wa ndugu yake. “Meza. Kidevu juu, meno ndani.”

“Shangazi, mimi siogopi kumeza,” alisema binti. “Naogopa watakachokiona.”

“Kitakuwepo wakikiona au wasipokiona. Mimi changu hakikutazamwa mpaka kikageuka. Chako tunakiwahi.”

Binti alimtazama mama yake. Mama akamfuta ile rangi ya mdomo kwa kidole gumba, pole pole, upande huu na ule. Binti akameza.

Siku ya majibu waliketi wote wanne mbele ya kioo cha kompyuta, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kuogopa. Njia ya pinki, yenye manyoya laini kama zulia, inakunja kona, inakunja nyingine. “Hapo ni wapi?” “Na hiki?” Bi Paspoti alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Halafu picha ikasimama. Uyoga mdogo. Mbele tena mwingine. Na mmoja mkubwa kama kokwa ya embe changa, na kikonyo chake kinene, umeziba karibu nusu ya njia.

Fundi kufuli alishika mkono wa mkewe.

Vinyama walivitoa kwa mpira mrefu wenye puto, ule unaofika hata katikati, na kile kikubwa kilimaliza siku zake kwenye chupa ya maabara. Jibu lilipokuja, daktari alilisoma kwa sauti: hakuna saratani. Bado. Atatazamwa tena, na tena, maisha yake yote, na akizaa watoto wake nao wachunguliwe mashavuni wangali wadogo. Fundi kufuli naye alimeza kamera yake, akalalamika kwamba imekwama kooni siku nzima baada ya kuwa imeshapita. Alikutwa na vidogo vinne, vikatolewa. Mtaani alianza yeye mwenyewe kusimulia habari hiyo, na kwa namna alivyoisimulia ungedhani kamera aliitengeneza yeye.

Jumamosi moja wifi alikuja studio na binti yake. Walikuwa wamevaa kawaida. Bi Paspoti alivuta kigoda, akanyoosha pazia la samawati, akawasha taa. Binti akatoa kile kikopo cha rangi ya mdomo, akakitazama, akamuuliza mama yake, “Nipake?”

“Mdomo ni wako.”

Akakirudisha mfukoni, akakaa.

Bi Paspoti alisahau kumwambia kuhusu meno. Binti alicheka kidogo wakati wa kufyatua, na picha ikatoka hivyohivyo, vitone vyote mahali pake, vingine vimefifia, viwili vimekaa kwenye pembe ya tabasamu. Kidole cha Bi Paspoti kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kusafishia. Akakiondoa. Akachapisha, akakata kingo, akaitia kwenye bahasha, akampa wifi yake kwa mikono miwili.

Wifi akaitoa kwenye bahasha. Aliitazama mpaka mteja mwingine akaingia na kuketi.

“Ndiye,” alisema.

“Na lile neno langu, wifi?”

“Limo humohumo kwenye hesabu. Hatudaiani.” Akairudisha picha kwenye bahasha. “Ila pazia lako hili lifue. Mtoto ametoka vizuri, nyuma kumetoka kama karakana.”